Mrejesho: simu zinazokatika kabla ya kuuliza kuhusu kujiua

Assalaam aleikum ndugu zangu. Niliwauliza hapa: msaidizi wa mwanasaikolojia afanyeje pale simu kutoka Faza au Kizingitini, kisiwani Pate huko Lamu, inapokatika kabla hajajua kama mpigaji yuko hatarini. Ahsanteni sana nyote.

Lililofaa zaidi ni kuomba namba, mahali alipo na ruhusa ya kumpigia tena, yote dakika ya kwanza. Kisha kuuliza wazi: "Unafikiria kujiua?" Ukizunguka na "kufanya jambo baya" utajibiwa hapana, maana mtu hajui anaulizwa nini. Akikubali, uliza kwa njia gani, lini, na kama kitu chenyewe kipo karibu. Kitu hicho akitunze mtu mwingine. Wanaoogopa polisi hufunguka wakiambiwa kwamba Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kuwa kinyume cha Katiba.

Mpango wa usalama wa hatua 6 (orodha ya dalili za hatari, njia za kujituliza na watu wa kuwapigia) kwa ujumbe mfupi umefaa nusu tu: simu moja hushikwa na nyumba nzima, siri huvuja. Sasa mpigaji anauandika mwenyewe karatasini. Boti ya usiku kwenda hospitali Lamu bado haijapatikana. Tunapanga na jirani akae naye hadi alfajiri.