Mdogo wangu kawekwa ndani kwa kumzuia polisi, tufanyeje?

Kutoka: Dada wa Umoja
Jumamosi asubuhi

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za asubuhi. Naomba msaada wa haraka. Mdogo wangu, fundi simu, anakaa kwangu hapa Nairobi tangu atoke kwetu Tanga, Tanzania. Jana jioni askari wawili walimsimamisha kijana wa bodaboda pale kwenye steji yetu wakataka kuondoka na pikipiki. Mdogo wangu akashika usukani, akasema haiendi popote mpaka waseme kosa ni nini. Hakumpiga mtu. Sasa mwenye boda kalala nyumbani kwake, na yeye ndiye yuko ndani. Kituoni wanasema Jumatatu atapelekwa mahakama ya Makadara kwa kumzuia polisi kufanya kazi. Mmoja kanishauri bora akubali kosa, alipe faini, yaishe. Mama bado hajui.

Kutoka: Mzee wa Buruburu
Jumamosi

Marahaba mwanangu, na pole sana. Huo ushauri wa kukubali kosa uweke kando kwanza. Akishakubali mbele ya hakimu anasomewa maelezo ya kosa, na akiyakubali nayo anatiwa hatiani palepale. Adhabu inaweza kutoka siku hiyohiyo. Kifungu cha 253 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinasema anayemshambulia, anayemkaidi au anayemzuia kwa makusudi polisi aliye kazini anaweza kufungwa hadi miaka 5. Wakati mwingine hati ya mashtaka inataja kifungu cha 103 cha Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011. Hakimu anaweza kuamua faini tu, lakini faini nayo ni hatia, na hatia itamfuata siku atakapoomba cheti cha polisi au kibali cha kazi.

Usitegemee sana hilo la kwamba hakumpiga mtu. Kuzuia hakuhitaji ngumi, na kushika usukani kunaweza kutosha. Hata hivyo upande wa mashtaka una kazi ya kufanya. Lazima uthibitishe kwamba wale walikuwa polisi, kwamba walikuwa wakifanya kazi yao kihalali saa ile, na kwamba mdogo wako alikusudia kuwakwamisha. Walivaa sare? Walijitambulisha? Walitaja kosa la mwenye boda? Swali alilouliza lilikuwa la haki kabisa. Angeliuliza akiwa amesimama pembeni, mikono chini, huku akisoma jina na namba ya askari kifuani, leo asingekuwa ndani. Hili nawaambia vijana wetu wote mlioko Nairobi, na nalisema kwa uchungu: kosa la askari linapingwa kwa OCS, yaani mkuu wa kituo, na kwa hakimu. Pale barabarani hamtashinda.

Leo rudi kituoni uombe namba ya OB, daftari la matukio la kituo, na uulize anashtakiwa kwa kifungu gani hasa. Ibara ya 49 ya Katiba ya 2010 inampa haki ya kunyamaza, ya kuwasiliana na wakili, na ya kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Kwa kuwa alikamatwa Ijumaa jioni, saa hizo zinaisha wikendi, na hapo sheria inaruhusu siku ya mahakama inayofuata. Kwa hiyo kwenye hiyo Jumatatu hawajakosea. Lakini kituo kinaweza kumpa dhamana ya polisi leo hii. Omba kwa heshima. Pesa ya dhamana ina risiti na hurudishwa kesi ikiisha, kwa hiyo bila risiti usitoe hata shilingi.

Shida yetu sisi wageni ni mdhamini. Mahakama inahofia mtu atapanda basi la Namanga, avuke mpaka, asionekane tena. Tafuta mapema Mkenya anayemfahamu, mwenye nyumba au mwajiri, aje na kitambulisho na uthibitisho wa mshahara au mali. Pasipoti inaweza kushikiliwa. Tena, mdogo wako awaombe polisi waujulishe ubalozi wetu. Ibara ya 36 ya Mkataba wa Vienna wa 1963 inampa haki hiyo, ila ni mpaka aombe mwenyewe. Ubalozi hautamtoa ndani, lakini unaweza kumtembelea na kufuatilia anavyotendewa.

Kama walimpiga, atibiwe kwanza, kisha achukue fomu ya P3, ile ya polisi ya kuonyesha majeraha, ijazwe na daktari. Malalamiko dhidi ya askari yapelekwe IPOA, mamlaka huru inayosimamia polisi. Hiyo ni kesi nyingine kabisa, msiichanganye na hii.

Kutoka: Muuguzi wa Eastlands
Jumamosi usiku

Dada, pole. Naongezea la upande wetu, maana hasira ya aina hii inatukuta hata sisi. Ajali ikitokea barabara ya Outering, ndugu wanashika machela kila upande. Huyu anavuta kuelekea gari la jirani, yule anapiga video juu ya kichwa cha mhudumu anayetafuta mshipa. Polisi wakiweka utepe, anayeupita kwa nguvu anaweza kuangukia kifungu hichohicho alichokitaja mzee. Na kwa lori la mafuta, jamani, rudini nyuma. Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, walikufa watu zaidi ya 100, na Sachangwan hapa Kenya, Januari 2009, vilevile. Pigeni 999 au 112, waacheni wazima moto wafike. Haki ya matibabu ya dharura mnayo, ipo Ibara ya 43 ya Katiba. Idaini mapokezi, lakini msimkabe mlinzi wa geti.

Kutoka: Dada wa Umoja
Jumatatu jioni

Ahsanteni sana. Amekana kosa, aliomba kusomewa kwa Kiswahili na wakakubali. Mwenye nyumba wangu, Mungu ambariki, amemdhamini. Pasipoti imebaki mahakamani. Mzee, siku ya kutajwa kesi ni lazima aende? Na mwezi ujao kuna harusi ya dada yetu Tanga.

Kutoka: Mzee wa Buruburu

Aende, tena afike mapema. Akikosa, hakimu anaweza kutoa hati ya kumkamata, na mwenye nyumba wako ataitwa ajieleze. Kuhusu harusi, wakili aombe mahakama ruhusa ya kusafiri na kupewa pasipoti kwa siku hizo. Msikate tiketi kabla ya jibu. Na kesho kabla hamjaenda kazini, mtafuteni yule mwenye boda aandike alichokiona, saa ngapi, askari walisema nini. Wiki chache tu zikipita, atakuwa amesahau nusu yake.