MJADALA: Mwimbaji wa CCCP kahamia mrengo wa kulia, je mashabiki wa kushoto waliibiwa?

#1 (mleta mada)

Habari zenu wakuu. Hii mada inanikaa kichwani toka Mei 2024 nilipoenda kuwaona CCCP pale Piazza Maggiore, Bologna, na juzi tena nimebishana na mzee mmoja Muitaliano tunayefanya naye kazi ghalani mpaka kahawa ikapoa, nikasema ngoja niilete huku tuichambue.

Kwa wasiowajua: CCCP Fedeli alla linea ni bendi ya panki ya Reggio Emilia, kaskazini mwa Italia. Jina ni zile herufi za Kirusi za Muungano wa Kisovieti, na maneno yanayofuata maana yake ni watiifu kwa msimamo, yaani msimamo wa chama. Mwimbaji ni Giovanni Lindo Ferretti, kabla ya hapo alikuwa anahudumia wagonjwa wa akili, akakutana na Massimo Zamboni mpiga gitaa huko Berlin mwaka 1981, wakarudi kwao kuanzisha kelele. Vijana wenzao wote wakati ule macho yao yako London na Marekani, hawa wakasema sisi tunaangalia mashariki. Wakajitangaza kuwa wanapiga panki ya kuipenda Sovieti na muziki mwororo wa Emilia, vyote kwa mpigo, ni kama mtu akwambie bendi yetu inapiga singeli na taarab asilia. Jukwaani kuna Annarella anabadilisha mavazi kila baada ya wimbo, kuna Fatur ambaye cheo chake rasmi ni "msanii wa umma", na Ferretti amesimama katikati anatamka maneno kama shehe anayesoma uradi.

Sasa lazima uielewe na Reggio yenyewe. Ule ni mji wa wakomunisti haswa, chama kilikuwa PCI, yaani Chama cha Kikomunisti cha Italia, na kilishika manispaa miongo na miongo, ukizaliwa pale hujiungi na chama, unakikuta nyumbani kama unavyokikuta kabati la vyombo. Tarehe 7 Julai 1960 polisi waliwaua kwa risasi waandamanaji watano pale mjini. Na ni mji huohuo ambao mwaka 1970 hospitali yake ilifunga urafiki na hospitali ya Frelimo (wapigania uhuru wa Msumbiji) ya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, kipindi Frelimo makao yake yako Dar, kwa hiyo msione ni mambo ya mbali sana hayo.

Santuri yao ndefu ya kwanza, ya 1986, ina jina refu kama barua ya ofisini. Linaanza na 1964-1985, halafu "Affinità-divergenze fra il compagno Togliatti e noi", yaani yanayotukutanisha na yanayotutenganisha sisi na ndugu Togliatti, na hiyo ndugu ni ile ya TANU sio ya tumbo moja. Togliatti ndiye aliyekuwa kiongozi wa PCI, alifariki 1964. Hesabu toka 1964 mpaka 1985 utapata miaka 21, na jina linamalizikia na maneno kwamba ni kutimiza umri wa utu uzima. Mimi nilipoelezwa hilo nilicheka peke yangu kwenye basi. Mtoto kafikisha miaka 21 anamuaga baba yake, na hujui analia au anamkejeli.

Baadae mambo yakaenda hivi. 1987 wakasaini na Virgin, kampuni kubwa ya kibepari ya Uingereza, kelele za kwanza za usaliti zikaanza hapo. 1989 wakaenda kupiga Moscow na Leningrad kwenyewe. Tarehe 3 Oktoba 1990, siku Ujerumani mbili zinaungana, bendi ikafa. Ferretti na Zamboni wakarudi na CSI, na hapo napo utani uleule, maana CSI kwa Kiitaliano ndio ile jumuiya iliyobaki baada ya Sovieti kuvunjika, sema wao walisema ni umoja wa wapigaji wanaojitegemea. CSI wakatoa albamu ya Linea gotica 1996, imejaa wapiganaji wa msituni waliopigana na Wajerumani, na maktaba ya Sarajevo ikiungua, halafu 1997 albamu waliyoitoa baada ya safari ya Mongolia ikashika namba moja Italia nzima.

Halafu sasa. Ferretti akaugua sana, akapona, akarudi kijijini kwao Cerreto Alpi milimani kwenye farasi na misa, Mkatoliki wa kufa mtu, akimsifia Ratzinger, yaani Papa Benedikto wa 16. 2008 akaunga mkono orodha ya uchaguzi ya Giuliano Ferrara iliyosimama kupinga utoaji mimba. Baadae akawa anamsifia waziwazi Giorgia Meloni, mwanasiasa wa mrengo wa kulia. Na mwaka 2023, Meloni ni waziri mkuu, CCCP wakarudi upya, maonyesho Reggio, kisha Berlin, kisha viwanja vya Italia nzima, na watu wakajaa.

Huyu mzee wa ghalani anayo ile Ortodossia ya 1984, santuri nyekundu, kanionyesha nyumbani kwake. Iko kwenye rafu lakini ameigeuza inaangalia ukutani toka 2008. Haitupi, haiuzi, haipigi. Anasema mimi nilikuwa na miaka ishirini na kitu nikampa huyu mtu ujana wangu, akaenda kuupeleka kanisani.

Msimamo wangu: hajamsaliti mtu. Kwenye wimbo wenye jina la bendi yao wanajiita watiifu kwa msimamo halafu papo hapo wanasema msimamo wenyewe haupo. Walishasema mapema! Walichukua wimbo wa taifa wa Sovieti wakauweka kwenye nyimbo yao mwaka 1987, mtu mzima akasikia akadhani anaimbiwa imani, kumbe alikuwa anaonyeshwa kanzu imetundikwa, mwenye kanzu alishaondoka. Waliojiona wameibiwa walikuwa wanasikiliza fulana, sio maneno. Nakaribisha michango, matusi hapana.

#2

Mimi nko Nairobi na hii bendi nimeijua juzi tu, but wacha niseme, hiyo hoja yako ya utani ni ya mtu anayetafuta mlango wa nyuma. Kila msanii akishikwa anasema nilikuwa nachezea maneno. Sawa, 1986 alikuwa anachezea. 2008 je? Sheria ya kuruhusu kutoa mimba Italia ni ya 1978, wanawake waliipigania barabarani na wengi wa wanawake hao ndio walikuwa wanaruka kwa concert zake. Ile orodha haikufika hata asilimia moja ya kura, lakini jina lake alilitumia kuisukuma, na hilo jina nani alilijenga? Walilijenga wale wale. Ukijengewa nyumba na watu ukaigeuza ukawafungia nje, usiniambie eti mlango haukuwahi kuwa na kufuli.

Na kuna kitu umepita nacho haraka. Unasema wakati wa Linea gotica aliimba wapiganaji wa msituni. Hapo hakuna utani buda, hapo alikuwa serious kabisa. Kwa hivyo ukisema alikuwa anacheka tangu mwanzo unamdharau hata yeye mwenyewe.

#3

Nisamehewe natoka nje ya mada kidogo. Mimi ni wa Mtwara. Hospitali ya Frelimo ilikuwepo hapa hapa, ikiitwa jina la Dokta Américo Boavida, mama yangu mkubwa anakumbuka majeruhi wakiletwa toka ng'ambo ya Ruvuma. Sijawahi kufikiria kwamba kuna mji Ulaya hospitali yao nayo ilikuwa na urafiki na Frelimo, halafu watoto wa mji huo wakaja kuwa mapanki. Basi mimi kwangu Reggio Emilia imeshashinda, huyo mwimbaji apige kura anapotaka.

#4

Mnamsema Ferretti kwa sababu kaishi. Chukueni Demetrio Stratos, mwimbaji wa Area, bendi ya Italia ya kushoto zaidi ya hao wote, mzaliwa wa Alexandria Misri, mtoto wa Wagiriki, sauti ambayo watafiti wa Padova walikaa nayo maabara kuichunguza. Area walipiga Internationale, ule wimbo wa wakomunisti wa dunia nzima, kwa vyombo vyao kama wimbo mwingine wowote, wakaweka bastola ya karatasi ngumu ndani ya kava la santuri ya kwanza ya 1973. Stratos alifariki New York 13 Juni 1979 akiwa na miaka 34, na kesho yake Milano lilikuwa tamasha la kumchangia matibabu, likageuka msiba wa watu kama elfu sitini. Safi, hana doa. Lakini kafa na 34! Hakupata nafasi ya kutuudhi uzeeni. Nani ajuaye angekuwa wapi leo, labda naye angekuwa anafuga farasi.

#5 (mleta mada)

Nimesoma zote, asanteni, wa Mtwara umenigusa ukitaka nitakuja na uzi wa Reggio na Cabo Delgado peke yake.

#2 umenibana kwenye Linea gotica, nakubali, pale nilikuwa nalazimisha. Hebu nirekebishe: alikuwa anaamini, akaacha kuamini, na hilo bado silioni ni wizi. Nielezeni kwa nini mtu akihama kutoka kulia kuja kushoto tunaita kuamka, akihama upande wa pili tunaita kuuza. Tatizo langu na mashabiki wa kushoto wa Italia ni kwamba hii tabia ya kumweka msanii kizimbani wanayo zamani. Aprili 1976 pale ukumbi wa Palalido, Milano, mwimbaji Francesco De Gregori, mtu wa kushoto kabisa, vijana walimpandia jukwaani wakamfanyia kesi mbele ya watu, unalipwa shilingi ngapi, kwa nini huzitoi kwa harakati. Watu wa kushoto kama yeye, hawakuwa mafashisti. Kwa hiyo ukiniambia mzee wa ghalani amegeuza santuri ukutani, mimi naona bado yuko kwenye ile kesi ya 1976, miaka karibu hamsini, hakimu hajaondoka mahakamani.

Ila mtu ambaye hamjamtaja na ndiye ananisumbua zaidi ni Zamboni. Huyu hajahama, kabaki kushoto mpaka leo. Na babu yake, hili kaliandikia kitabu kizima 2015, alikuwa fashisti na aliuawa na wapiganaji wa msituni mwaka 1944. Yaani huyu mtu kakulia familia yenye maiti ya upande ule, akachagua upande huu, akaupigia gitaa. Halafu 2023 anasimama tena jukwaa moja na rafiki yake aliyekwenda alikotokea babu, sio fashisti sitaki kusema hivyo, ila mnanielewa, na wanapiga Emilia paranoica, wimbo wao wa zamani, kama hakuna kilichotokea. Kama kuna mtu alikuwa na haki ya kukataa ni Zamboni. Hakukataa. Mimi nimeshindwa kumuelewa na nimeshindwa kumlaumu.

Niwaambie nilichokiona Bologna. Nilikuwa nyuma karibu na ngazi za kanisa la San Petronio. Pembeni yangu kuna baba wa miaka sitini hivi, kitambaa chekundu shingoni, na binti ambaye nadhani ni mwanae. Nyimbo ikianza baba ananyanyua ngumi, Ferretti akiongea kidogo katikati ya nyimbo baba anashusha ngumi anaangalia viatu, nyimbo ikirudi ngumi inarudi. Alifanya hivyo usiku mzima, hakuimba nusu wala hakuondoka. Binti yeye alikuwa anaimba tu mwanzo mwisho, maneno yote anayajua, na alizaliwa bendi ikiwa imeshakufa. Nikamuuliza wakati wa kutoka haikusumbui huyu bwana anavyopiga kura? Akanijibu kwamba yeye hajaja kupiga kura.

Video ninayo kwenye simu. Nilimwonyesha mzee wa ghalani wakati wa mapumziko, aliangalia kama dakika mbili, akasema sauti imechoka, tempo imeshuka, zamani mpiga ngoma walikuwa hawana, walikuwa na mashine ya ngoma, na mashine ilikuwa bora. Kisha akaniambia irudishe mwanzo.

#2

Sawa mkuu, umeongea vizuri, ya ngumi kupanda na kushuka hiyo naikubali. Lakini swali dogo tu. Tiketi ulilipa?

#5 (mleta mada)

Nililipa. Na ya kurudia nilikuwa nimeshaiweka kwenye kikapu nikaghairi. Sijui kwa nini.