Tupeane uzoefu: Tenda za jiji na halmashauri, ya kwanza uliipataje na nini kilikukuta?

Msambaza wa Buza
Wakuu, habari za mchana. Leo nimekwama foleni ya Tazara, mbele yangu lori la taka. Kusoma maandishi ubavuni, ni kampuni ya jamaa tuliyeanza naye kuuza karatasi na wino wa printa. Yule anazoa taka za kata nzima kwa mkataba, mimi bado nazungusha profoma kwapani.

Kwa mliowahi kupata tenda za jiji, manispaa au halmashauri, hebu mwageni uzoefu. Kampuni ipo BRELA, TIN ninayo, leseni hai, TRA sidaiwi, NeST, ule mfumo wa serikali wa tenda mtandaoni, nimejisajili tangu mwaka jana. Natuma maombi, kimya. Natuma tena, kimya. Nakosea wapi?

Wa matusi apite kushoto.

Mjomba Sele
Pale jijini unamjua nani? Ukishajibu hilo, uzi ufungwe.

Chumaulete
Mjomba kamaliza.

Kokoto Laini
Mjomba Sele, hii nyimbo yako ya kila uzi imechuja. Mimi ni mkandarasi daraja la saba CRB, ile bodi ya makandarasi, mtoto wa mkulima, kwenye lile jengo simjui hata mlinzi. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa mtaro na kalavati mbili, na niliipata kwa sababu wenzangu waliona ni ndogo wakaidharau.

Kilichonisumbua hakikuwa kushinda. Ilikuwa baada ya hapo. Mvua za Machi zikaanza nimechimba nusu. Mtaro ukajaa maji, watoto wakageuza bwawa la kuogelea, mwenyekiti wa mtaa akawa ananipigia simu alfajiri kuliko muadhini. Mhandisi anataka cheti cha vipimo vya zege, maabara wana foleni, saruji imepanda bei, na mafundi wanadai za wiki. Nikauza pikipiki. Nilimaliza, wakakagua, wakapitisha. Malipo yalichukua muda, ila yalikuja, pungufu ya kodi ya zuio na ile sehemu wanayoishikilia mpaka kipindi cha matazamio, cha kuangalia kasoro, kiishe. Hiyo nayo walinilipa baadaye.

Kwa hiyo dogo, anza na zile zinazodharauliwa.

Mjomba Sele
Na asilimia kumi ulimpa nani? Au hiyo umeifukia kwenye kalavati?

Kokoto Laini
Sikumpa mtu. Kama wewe ulitoa, TAKUKURU wapo, nenda kajitaje.

Mjomba Sele
Hahaha, nikajitaje! Mkandarasi wa kutunga hadithi huyu.

Ugavi Mstaafu
Vijana, tulieni kidogo. Nimekaa Kitengo cha Usimamizi wa Ununuzi kwenye halmashauri zaidi ya moja mpaka nastaafu. Mjomba hasemi uongo mtupu, michezo ilikuwepo na sitawaambia imekwisha. Lakini maombi mengi niliyoona yakitupwa hayakuhitaji mchezo wowote. Yalijitupa yenyewe.

Kamati ya tathmini kazi yake ya kwanza si bei. Inaanza na kuangalia kama nyaraka zimetimia. Hapo ndipo watu wanapoanguka kama maembe. Mtu anaomba tenda ya chakula cha semina, leseni yake ya biashara ni ya vifaa vya ofisi. Hati ya uwakilishi haijapita kwa wakili. Tamko la dhamana ya zabuni, ile ahadi kwamba hutaikimbia zabuni yako, limesainiwa na mtu ambaye si yule aliyetajwa kwenye hati ya uwakilishi. Kiambatisho ukifungua ni picha ya kitambulisho, na kipo kichwa chini. Mwombaji huyo anarudi nyumbani anasema nimefanyiwa fitina.

Pili, mnasubiri tangazo ndipo mkurupuke. Mwaka wa serikali unaanza Julai 1, na mpango wa ununuzi wa mwaka wa kila taasisi unawekwa wazi kwenye NeST. Usome. Kama jiji limepanga kununua madawati robo ya pili, wewe robo ya kwanza ushajua mbao unatoa wapi na kwa bei gani. Tangazo likitoka siku zake ni chache, hazikutoshi kutafuta mbao na kiambatisho kwa pamoja.

Tatu, ukikatwa unaletewa sababu kwenye notisi ya kusudio la kutoa tuzo. Isome! Kama unaona umeonewa, unalalamika kwa afisa masuuli, yaani mkurugenzi, na usiporidhika unakwenda PPAA, mamlaka ya rufaa za zabuni. Siku za kufanya hivyo ni chache na zinahesabiwa, lawama za kijiweni hazizisimamishi.

La mwisho, na hili linanikera kuliko yote. Wenye kampuni wengi hawajui pasiwedi ya akaunti zao wenyewe. Ipo kwa kijana wa stationari.

Msambaza wa Buza
Shikamoo mzee. Hilo la leseni limenigusa mbavu. Yangu ni ya stationari na nimekuwa naomba mpaka tenda za mapazia.

Ugavi Mstaafu
Marahaba. Basi mchawi wako umempata.

Mpiga Mahesabu
Niongeze la kodi, maana watu wanaweka bei halafu wanalia. Ukiwauzia serikali bidhaa, inakatwa kodi ya zuio asilimia 2. Huduma, asilimia 5. Ingiza hiyo kwenye mahesabu ya mzunguko wako kabla hujaandika bei. Na risiti ya EFD unatoa kwa kiasi kamili.

Chumaulete
Bei weka chini kabisa, ushinde, faida utaitafutia mbele ya safari.

Mpiga Mahesabu
Huo ni ushauri wa kumfilisi mtu. Mbele ya safari kuna kamati ya ukaguzi na mapokezi inapima unene wa mbao kwa rula. Ukileta pungufu unarudi nao. Na bei ikiwa chini kupita kiasi wanaweza kukutaka uieleze.

Chumaulete
Mimi nimeshinda hivyo.

Mpiga Mahesabu
Ulipata faida?

Chumaulete
Nilipata uzoefu.

Mwana wa Likoni
Hamjambo majirani. Huku kwetu Kenya kaunti nazo zina asilimia 30 ya vijana, wanawake na walemavu, twaiita AGPO. Cheti kukipata si kazi. Kushinda pia si kazi sana. Kulipwa, walahi, hapo ndipo pana shughuli! Madeni ya kaunti kwa wasambazaji yasikieni tu kwa redio. Nina rafiki alipeleka viti na meza, gavana akaondoka, akaja mwengine akasema madeni yakaguliwe upya, kamati ikaundwa. Yule ndugu sasa akiona kiti cha plastiki anageuza uso.

Benki hukopesha kwa LPO, ile hati ya kuagiza mzigo, na Hazina ya Vijana nayo iko. Lakini riba haingoji gavana.

Mzalendo wa Kizota
Mwana wa Likoni, ndiyo maana huku tumeweka kila kitu kwenye mfumo mmoja. Tangu NeST ilipochukua nafasi ya mfumo wa zamani, TANePS, mwaka 2023, mambo yamenyooka.

Mwana wa Likoni
Na sisi Hazina ilitaka kaunti zote ziingie mtandaoni 2025, mambo yakaishia mahakamani. Ila ndugu yangu, mfumo wenu walipa kwa wakati?

Mzalendo wa Kizota
Hilo ni suala jingine.

Mjomba Sele
Hahahahaha.

Mama Toroli
Wakubwa shikamooni, wadogo marahaba. Nilikuwa nasoma tu kimya, ila huyo mzee wa ugavi na habari yake ya pasiwedi kanitonesha kidonda.

Mimi nauza vifaa vya usafi. Mafagio ya chelewa, makoleo, reki, toroli, gambuti, glovu, vizibao vya kung'aa vya wafagia barabara. Enzi za makabrasha nilikuwa nafunga zabuni mwenyewe, nakala halisi na vivuli vyake, lakiri juu, natumbukiza kwenye sanduku. Saa ya kufungua tunakaa wote ukumbini tunasomewa bei kwa sauti. Nilimjua kila mshindani na bei zake, na uongo wake.

Ilipoingia mifumo, macho yangu na kompyuta vikashindwana. Nyumbani nina mtoto wa marehemu dada yangu, nimemlea tangu yupo la tatu. Kamaliza diploma ya ugavi, hana kazi. Nikamnunulia laptopu. Akatusajili NeST kwa barua pepe yake na namba yake ya simu, maana yangu alisema inasumbua kupokea zile namba za kuthibitisha. Tukapata za kata, za vituo vya afya, ndogondogo. Kila malipo yakiingia nampa mgawo wake, sikuwahi kumpunja.

Ikatoka ya jiji, jiji gani mniache nalo. Vifaa vya wafagiaji, kama milioni arobaini. Nilikokotoa usiku kucha, nikashuka Kariakoo kufunga bei ya gambuti na mwagizaji tunayeaminiana miaka. Nikamwandikia mtoto bei zote kwenye daftari, mstari kwa mstari. Jioni akaniambia, mama mdogo, tayari nimetuma.

Majibu yakaja tumekosa. Sikulia, biashara ni hivyo. Nikamwambia nisomee aliyeshinda ni nani. Akasema mfumo hauoneshi. Nikamwomba binti wa jirani anifungulie kwenye simu. Kampuni iliyoshinda ilikuwa chini yangu kwa laki moja na kidogo kwenye kazi nzima. Na jina la hiyo kampuni lilikuwa jina la marehemu dada yangu.

Ngoja nimhudumie mteja, narudi.

Chumaulete
MAMA USITUFANYIE HIVYO

Kokoto Laini
Naweka kiti hapa.

Msambaza wa Buza
Jamani mada yangu.

Mjomba Sele
Subiri kwanza, huyo mtoto ametumia laptopu ileile?

Mwana wa Likoni
Huyo si mtoto, huyo ni tumbo la mamba.

Ugavi Mstaafu
Huyo kijana amecheza na moto. Kuandaa zabuni mbili zinazoshindana, zote mkononi mwake, bei ya mmoja akiiona, hiyo ni njama. PPRA, wadhibiti wa ununuzi wa umma, wakijua anafungiwa kuomba tenda. Na kampuni ya mama ingeweza kuburuzwa humo humo, ajieleze kwamba hakujua.

Mpiga Mahesabu
Mzee, kampuni changa vile imepitaje kigezo cha uzoefu?

Ugavi Mstaafu
Bidhaa za kawaida kama mafagio si lazima wadai uzoefu wa miaka. Ni vile hati ya zabuni ilivyoandikwa.

Mjomba Sele
Au kuna mtu alimjua pale. Nasema tu.

Kokoto Laini
Unaanza.

Mama Toroli
Nimerudi, samahanini.

Nililipia taarifa za kampuni BRELA. Mkurugenzi ni yeye, na mwenzake wa chuo. Sikumwambia kitu. Nikawa napika, naweka mezani, anakula.

Baada ya muda akaja usiku sebuleni, kamleta baba yake mkubwa kutoka Korogwe. Mzee wa watu hata mkataba haujui, kaambiwa tu njoo umwombee mtoto msamaha. LPO imetoka, hana mtaji. Alikwenda Kariakoo kwa yule mwagizaji kuomba gambuti kwa mkopo, akaambiwa hapa namjua Mama Toroli, wewe sikujui. Amesaini tamko la dhamana, na mkataba keshausaini. Asipopeleka mzigo anafungiwa, na jina la mama yake linaingia kwenye orodha.

Nilimpa mzigo. Kwa bei ya rejareja, ya mtu wa barabarani, bila punguzo hata la soda. Na benki tukaenda wote, akaunti ya kampuni yake haitoi shilingi bila saini yangu. Malipo yalipoingia nikakata changu chote, kilichobaki kikatosha nauli ya kumrudisha baba mkubwa Korogwe na kidogo cha kumpa adabu.

Chumaulete
Bei ya rejareja! Mama nakusalimia kwa heshima zote.

Mzalendo wa Kizota
Umekosea dada. Ungemwacha afungiwe ajifunze.

Mwana wa Likoni
Afungiwe na jina la marehemu? Wewe huna mama?

Mzalendo wa Kizota
Jina la marehemu alilichezea yeye, si mimi.

Kokoto Laini
Mimi nasema ungelalamika kwa mkurugenzi mapema, kabla mkataba haujasainiwa. Tenda ingerudi kwako.

Ugavi Mstaafu
Si lazima irudi kwake. Wangeweza kuifuta na kuitangaza upya. Na angeeleza vipi kwamba zabuni yake yeye mwenyewe ilitumwa na mkurugenzi wa mshindani wake?

Mjomba Sele
Mama, saa hizi NeST nani anakujazia?

Mama Toroli
Nilirudisha akaunti kwa namba yangu, nimeshajifunza. Miwani nimebadilisha. Herufi nazikuza.

Dada wa Vikundi
Nimechelewa uzi. Kwa vijana, kinamama, wazee na wenye ulemavu, kuna asilimia 30 ya ununuzi imetengwa kwa makundi maalumu. Mnaanzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri yenu, kikundi kikishasajiliwa ndipo mnaingizwa NeST kama kundi maalumu. Na ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu, inaweza kuwa mtaji wa LPO. Sisi tunashona sare na mapazia. Shida yetu ni moja, wenzetu wakishaona hela ya kwanza kila mtu anataka kuwa mweka hazina.

Chumaulete
Msikope. Tumieni akiba.

Dada wa Vikundi
Akiba ipi kaka? Kitambaa cha mapazia ya ukumbi mzima kwa akiba ya kibubu?

Mpiga Mahesabu
Kopeni, ila msikope kwa riba ya mtaani. Mtu wa mtaani anahesabu wiki, serikali inahesabu robo mwaka.

Msambaza wa Buza
Asanteni wakuu. Kesho nakwenda kurekebisha leseni. Mama Toroli, gambuti kwa jumla unatoaje? Kuna tangazo nimeliona linafungwa Alhamisi.

Mama Toroli
Njoo dukani mwanangu. Bei siandiki tena mahali popote.

Mgeni wa Jana
Wakuu habari, mimi sijasoma kurasa za nyuma. Natafuta kijana mwaminifu wa kunisimamia akaunti ya NeST, malipo maelewano.

Mjomba Sele
Yupo mmoja. Laptopu anayo.