Mkataba wa sola wa miaka 25: kuingia dakika 20, kutoka hakuna anayejua njia

Ndugu zangu, nimekaa kimya kwa miezi 14 nikiamini kwamba jambo hili lingemalizwa kwa simu na barua za kistaarabu, lakini sasa uvumilivu umenishinda, na ninaandika nikiwa na hasira ambayo sioni sababu ya kuificha. Nina paneli za sola juu ya paa la nyumba yangu, nilizozikodi kwa mkataba wa miaka 25, na tangu mwezi wa sita ninatafuta namna ya kujitoa. Sijaipata. Sola yenyewe sina ugomvi nayo, wala jua halijanikosea lolote. Ugomvi wangu ni na karatasi niliyosaini na watu walioiandaa.

Kijana aliyekuja kuniuzia alikuwa mtanashati na mwenye maneno matamu, na alifika saa sita mchana, jambo ambalo siku ile sikulitilia maanani. Alizunguka nyumba, akapiga picha za paa, kisha akaketi sebuleni na kishikwambi chake, akanionyesha mchoro wenye mstari mwekundu wa bili za umeme uliokuwa ukipaa mwaka hadi mwaka na mstari wa kijani wa malipo ya sola uliokuwa ukipanda polepole chini yake. Nafasi iliyo kati ya mistari hiyo miwili, aliniambia, ndiyo akiba yangu. Haikupita dakika 20 akawa ananielekeza: "Weka sahihi hapa, na hapa, na hapa tena." Nilikuwa nikigusa visanduku kwa kidole changu huku yeye akizisukuma kurasa kwa kidole chake, na sikumbuki ukurasa hata mmoja uliotulia mbele ya macho yangu. Nakala kamili iliingia kwenye barua pepe saa nne usiku, ikiwa na kurasa 34. Mtaniuliza kwa nini sikuisoma usiku uleule, na jibu langu ni fupi: nilimwamini mtu niliyemkaribisha ndani. Kosa hilo ni langu na ninalikubali. Yanayofuata si yangu.

Kwa nini nimeitaja saa sita mchana? Kwa sababu upande wa magharibi wa nyumba kuna mti mkubwa wa jirani, na mchana kivuli chake huwa kimejikunja chini yake wala hakifiki kwenye paa. Kuanzia saa tisa alasiri kivuli hicho hupanda taratibu na kufunika paneli 3 za mwisho. Paneli zangu zote zimefungwa kwa mfululizo mmoja kuelekea inveta moja, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani, na paneli zilizofungwa hivyo hupitisha mkondo mmoja, kwa hiyo chache zikifunikwa, hasara huwa kubwa kuliko eneo la kivuli lenyewe. Viko vifaa vya kufunga nyuma ya kila paneli ili kupunguza tatizo hilo. Sikuambiwa kwamba vipo.

Hesabu yenyewe ya uzalishaji ilikuwa na kasoro hata bila mti. Paneli iliyoandikwa wati 400 hupimwa maabara, kwenye mwanga wa wati 1,000 kwa kila mita ya mraba na seli zikiwa na joto la nyuzi 25. Juu ya paa lenye jua kali seli hufika nyuzi 60, na aina nyingi za paneli hupoteza takriban asilimia 0.35 ya nguvu kwa kila nyuzi inayozidi 25. Yaani asilimia 12 hivi imekwisha kupotea kabla hujahesabu vumbi, nyaya na inveta. Nilipokaa na makadirio yao niligundua kwamba walichukua tu namba ya kwenye lebo wakaizidisha kwa saa za jua. Nimekuwa nikiandika usomaji wa mita kila jioni kwenye daftari, na kwa mwaka mzima wa kwanza nimepata asilimia 61 ya uniti nilizoahidiwa.

Sasa tuje kwenye kifungu cha 7, ambacho yule kijana hakukitaja kwa jina hata mara moja. Kinasema malipo yangu yatapanda kwa asilimia 2.9 kila mwaka. Ukiisoma haraka unaiona namba ndogo, lakini chukua kalamu. Tuseme unaanza kwa kulipa 100. Mwaka wa 25 utakuwa unalipa karibu 199. Paneli nazo huchakaa, na kwa makadirio ya kawaida ya asilimia 0.5 kwa mwaka, paneli iliyoanza kwa kutoa uniti 100 itakuwa inatoa takriban 89 ifikapo mwaka huo wa mwisho. Ukigawanya utaona kwamba kila uniti itakugharimu zaidi ya mara mbili ya ilivyokugharimu mwanzoni, na hapo nimewahurumia kwa kujifanya kwamba paneli zilianza kwa kiwango walichoahidi. Ule mstari mwekundu wa bili ulipaa kwa sababu mchoraji aliamua umeme wa gridi utapanda kwa asilimia 6 kila mwaka kwa miaka 25 mfululizo. Dhana hiyo imeandikwa chini ya mchoro, kwa maandishi ambayo nimeyasoma kwa kukuza picha.

Nilipoamua kuondoka nilifungua kifungu cha 19, chenye kichwa "Kusitisha Mkataba", nikidhani hapo ndipo nitakapopata mlango. Kinanipa njia tatu. Njia ya kwanza ni kulipa kwa mkupuo malipo yote yaliyobaki, pamoja na nyongeza zake zote za asilimia 2.9, bila kupunguziwa chochote kwa kulipa mapema, kisha nilipie na gharama ya kuziondoa paneli. Nimeipiga hesabu hiyo mara tatu kwa kutoamini: imebaki chini ya miaka 24, lakini ninadaiwa sawa na karibu miaka 35 ya malipo ya kiwango cha mwaka wa kwanza, na baada ya kulipa wanazichukua paneli. Nilipie umeme ambao hautazalishwa, kwa mitambo ambayo haitakuwepo! Njia ya pili ni kuvinunua vifaa kwa "thamani halisi ya soko", nayo haifunguki mpaka mwaka wa 6 utimie, na anayeikadiria thamani hiyo ni kampuni yenyewe. Njia ya tatu ni kumhamishia mkataba mtu atakayenunua nyumba, endapo kampuni itamkubali. Upande wao kifungu hichohicho ni sentensi moja: kampuni inaweza kusitisha mkataba wakati wowote kwa notisi ya siku 30.

Njia ya tatu nimeijaribu, na ndiyo iliyoniumiza zaidi. Mwezi wa 10 nilipata mnunuzi wa nyumba, mtu makini, mwenye fedha zake tayari, na tulikuwa tumekubaliana bei. Kampuni ikamtaka ajaze fomu ya kurasa 11 na athibitishe uwezo wake wa kulipa kana kwamba anaomba mkopo, ilhali yeye alikuja kununua nyumba na si kuomba deni la mtu. Wakati huohuo mwanasheria wake akakuta ilani waliyosajili kuonyesha kwamba vifaa vya juu ya paa ni mali yao, ilani ambayo mimi mwenye paa sikuwahi kuelezwa. Wiki 7 zikapita bila jibu. Mnunuzi akanipigia simu akaniambia kwa upole: "Nyumba ninaitaka, lakini hilo deni lililokaa juu ya paa silitaki." Siwezi kumlaumu.

Kupata mtu wa kujibu ni shughuli nyingine. Aliyeniuzia si aliyefunga, aliyefunga si anayemiliki, na anayemiliki aliununua mkataba wangu kutoka kwa mwingine bila kuniuliza, kwa kuwa kifungu cha 21 kinawaruhusu kuuhamisha wapendavyo huku kikinikataza mimi kufanya hivyo bila ridhaa yao. Mwezi wa tano taa ya inveta iligeuka nyekundu na uzalishaji ukawa sifuri. Muuzaji alinirusha kwa fundi, fundi akasema hana kazi bila agizo la mmiliki, na mmiliki aliniweka kwenye muziki wa simu kwa dakika 47 kisha simu ikakatika. Siku 19 sikupata hata uniti moja, na malipo ya mwezi huo yalikatwa tarehe ileile, kamili.

Wapo watakaosema nilikuwa na siku za kubadili mawazo. Ni kweli, mkataba wangu ulinipa siku 14 tangu kusaini. Paneli zilifungwa wiki 9 baadaye. Muda wa kugundua kwamba umedanganywa uliisha kabla hata ya skrubu ya kwanza kuingia kwenye paa, na haki ya namna hiyo mimi naiona kama mwavuli unaotolewa kiangazi. Nimesoma kwamba katika nchi za Umoja wa Ulaya siku hizo ni 14 kwa mikataba inayosainiwa nje ya ofisi ya muuzaji, na kwamba muuzaji asipomjulisha mteja haki hiyo muda huongezeka kwa miezi 12. Marekani kanuni ya mauzo ya mlango kwa mlango hutoa siku 3 za kazi. Uingereza, kifungu cha 75 cha Sheria ya Mikopo ya Wateja ya mwaka 1974 kinaweza kumfanya mkopeshaji awajibike pamoja na muuzaji aliyedanganya. Hiki cha mwisho kilinipa matumaini kwa muda, hadi nilipokumbuka kwamba mimi sikukopa ili kununua, nimekodi. Kwa hiyo mwenye mkataba kama huu aanze kwa kujua ameshika karatasi ya aina gani, maana mkopo, ukodishaji na ununuzi wa umeme kwa uniti ni mambo matatu tofauti ingawa wauzaji huyaita yote kwa jina moja, "mpango".

Ufa pekee nilioupata uko katika vifungu viwili ambavyo wao wenyewe waliviandika. Kifungu cha 12 kinadhamini asilimia 90 ya uzalishaji uliokadiriwa, japo kinapimwa kwa miezi 24 na fidia yake ni punguzo kidogo la malipo. Kifungu cha 23 kinawataka watengeneze hitilafu ndani ya siku 10 za kazi tangu kuarifiwa. Siku 19 za inveta, hata ukitoa mwisho wa wiki, zinazidi 10. Nimewaandikia barua kwa posta ya kusajiliwa, nikaambatisha nakala za daftari langu, picha za taa nyekundu zenye tarehe na picha za kivuli zilizopigwa kila nusu saa kuanzia saa tisa hadi jua kuzama. Ninadai kwamba wao ndio waliovunja mkataba kwanza, na kwamba waje waondoe vifaa vyao kwa gharama yao. Hii ni barua ya nne. Tatu za mwanzo zilijibiwa kwa ujumbe mmoja unaofanana, wa kunishukuru kwa kuwa mteja wao.

Malipo sijayasimamisha, ingawa mkono unaniwasha kila mwezi. Ukiacha kulipa kabla hujathibitisha kosa lao, unawapa walichokuwa wakikitafuta, kwa sababu kuanzia siku hiyo mvunjaji wa mkataba anakuwa wewe, na kifungu cha 19 kinakuangukia chote. Nimekwisha kupigiwa simu pia na watu wawili wanaojinadi kwamba kazi yao ni kuwatoa watu kwenye mikataba ya sola, wote wakitaka walipwe kwanza ndipo waanze kusoma karatasi. Sijui namba yangu waliipata wapi, lakini nina shaka zangu. Tafadhali msiniletee watu wa aina hiyo.

Ninachoomba ni kusikia kutoka kwa mtu ambaye ametoka kweli, si anayesimuliwa na shemeji yake. Je, uliwashinda kwa dhamana ya uzalishaji, kwa kuchelewa matengenezo, au kwa maelezo ya uongo wakati wa kuuziwa? Walikubali kwa barua au ulilazimika kwenda kwa msuluhishi, maana kifungu cha 28 cha mkataba wangu kinanizuia kwenda mahakamani moja kwa moja? Na ile ilani ya umiliki iliondolewa na nani, wewe au wao, na baada ya muda gani?

Siku 30 nilizowapa kwenye barua ya nne zinaisha Ijumaa ijayo. Malipo ya mwezi wa 15 yanakatwa Alhamisi.