Picha ya asili ikiwa na mashua ndani: ipelekwe shindanoni au ikatwe?

ShelaKwetu
Asalaam alaikum jamaa wa pwani. Kuna shindano la picha za asili na mandhari nataka kuingia. Sharti la kitengo cha asili ni kwamba kusionekane kazi ya mkono wa mtu. Picha yangu ni ya milima ya mchanga ya Shela alfajiri, na kule kwenye mkondo wa bahari pana mashua moja inaingia na tanga lake. Nimeambiwa nikate upande huo au nisipeleke kabisa. Naona sharti hili linatuonea. Ukiondoa mashua kwenye bahari ya Lamu umebakisha Lamu gani? Tuingie mashindano ya namna hii au tuyasuse?

KijanaWaMaweni
Waalaikum salaam. Masharti yasomwe kwanza. Ufafanuzi wa picha ya asili unaotumiwa na FIAP na PSA, mashirika makubwa ya upigaji picha, haukatazi kila kitu cha binadamu. Kinachokubalika ni kile ambacho kiumbe mwenyewe amekifanya sehemu ya maisha yake, kama bundi aliyejenga ghalani. Mashua yako na ule mchanga havina uhusiano huo. Halafu mandhari ni kitengo kingine. Picha iliyoshinda Landscape Photographer of the Year ya Uingereza mwaka 2012 ilikuwa ya ngome ya Lindisfarne na mashua ufuoni. Ushindi ulifutwa kwa sababu mpigaji aliongeza mawingu kwa kompyuta. Mashua hazikumkosesha kitu. Lakini nyinyi watu wa Lamu nanyi, kila picha ni tanga na jua linatua. Njooni Malindi muone mandhari.

NahodhaMatondoni
Kila picha ni tanga? Tanga hilo ndilo lililowalisha babu zako samaki. Matondoni mashua bado zinaundwa kwa mkono, ubao kwa ubao, na wewe unazitaja kama uchafu kwenye lenzi. Na hiyo mandhari ya Malindi ni ipi? Kaskazi ikivuma maji yenu ni chai ya maziwa. Mtu aende kupiga picha ya chai?

MamaNgomeni
Mwanangu Nahodha, maji ya watu hayatukanwi hivyo. Udongo ule si wa Malindi. Unaletwa na mto Sabaki, ambao juu ni Galana na juu zaidi ni Athi. Unaanzia huko nyanda za juu karibu na Nairobi, unapita Ukambani, na miteremko iliyolimwa bila matuta ikipigwa na mvua, rutuba yote inateremkia kwetu. Wakati wa kusi tope linasukumwa kuja huku Mambrui na Ngomeni. Kaskazi ikianza linageuka kuingia ghuba ya Malindi, msimu uleule ambao wageni wanakuja kuogelea. Hifadhi ya bahari ya Malindi ipo tangu 1968 na matumbawe yake yanalishwa tope la watu wengine. Hilo si jambo la kuchezea.

KijanaWaMaweni
Mama amesema kweli. Na tena Nahodha, nenda mlangoni mwa Sabaki maji yakiwa yametoka uone ndege heroe walivyojipanga. Nenda Marafa jioni, kule Nyari, uone korongo linavyobadilika kutoka nyeupe hadi nyekundu ya damu. Ingia Arabuko-Sokoke, yule bundi mdogo wa Sokoke humpati Lamu hata ukeshe. Hakuna tanga hata moja.

BintiLangoni
Marafa sawa, mvua na upepo ndivyo vilivyochonga. Lakini kaka, Sabaki umeitaja mwenyewe. Kama tope limetoka mashambani, basi jembe lililolileta lilishikwa na mtu. Kwa sharti hilohilo unalolitetea, heroe wako amesimama juu ya kazi ya mkono wa mtu, kuliko ile milima ya Shela ambayo mashua inapita mbele yake na kwenda zake. Mashua haikubadilisha kitu. Tope limebadilisha ufuo mzima. Kwa nini jaji aone tanga asione tope?

KijanaWaMaweni
Usinitie maneno kinywani. Sharti si langu. Jaji anahukumu kinachoonekana, hawezi kufuata mto mpaka Machakos. Na wanachokiogopa zaidi ni uongo. Wildlife Photographer of the Year, ile ya jumba la makumbusho la Natural History Museum la London, mwaka 2018 walifuta ushindi wa picha ya mnyama mla mchwa kutoka Brazil baada ya kuamua kwamba alikuwa maiti aliyekaushwa. Kabla yake walifuta ile ya 2009 ya mbwamwitu anayeruka lango, wakasema huenda ni wa kufugwa. Picha ikidanganya mara moja, nani ataamini inayofuata? Ndiyo maana kufuta mashua kwa kompyuta ni kosa kubwa kuliko kuiacha.

MvuviKizingitini
Nyinyi mnabishana kuhusu zawadi. Mimi nauliza picha tupu inasema nini. Inasema hapa hapana wenyewe. Bandari ya Lamu ilipoanza kuchimbwa Manda, wavuvi ilibidi waende mahakamani kuthibitisha kwamba maji yale wanayavua. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ikaamua walipwe shilingi bilioni 1.76. Mwaka uliofuata kibali cha kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe cha hapa Lamu kikafutwa, nacho kwa sababu wananchi hawakushirikishwa inavyopasa. Sasa mtoto wetu mwenyewe apige picha ya bahari hii akate mashua, ipelekwe Ulaya itundikwe ukutani kama pahali pasipokaliwa na mtu? Hapana. Asiikate.

BintiLangoni
Hapo umenena. Na hiyo milima ya mchanga yenyewe imebaki kwa sababu watu wameilinda. Maji ya visima vya mji wa Lamu yanachujwa na mchanga ule wa Shela. Angejenga kila mtu pale, leo tungekunywa chumvi.

NahodhaMatondoni
Bado hamjajibu kuhusu chai ya Malindi.

MamaNgomeni
Nimekujibu, hukusoma. Unataka nini tena?

ShelaKwetu
Jamaa, nimesoma upya masharti. Kitengo cha mandhari kinaruhusu vitu vya watu, cha asili hakiruhusu. Nitaipeleka ya Shela kwenye mandhari, mashua yake ndani, na faili ghafi, isiyohaririwa, nimeihifadhi wakiitaka. Mwenye kuingia asome pia kifungu cha haki za picha, wengine wanataka ruhusa ya kuitumia watakavyo. Lakini hoja ya MvuviKizingitini naiandikia waandaaji. Mashua ya mvuvi ihesabiwe katika asili ya bahari hii kama ghala linavyohesabiwa kwa bundi.

KijanaWaMaweni
Andika, ila watakuambia bundi hakujenga ghala.

MvuviKizingitini
Na samaki hakuunda mashua, lakini changu na tasi wanaijua kuliko majaji.

NahodhaMatondoni
Mama Ngomeni, nimesoma. Basi waambie hao wa juu wachimbe matuta mashambani. Mtaishi hivyo mpaka lini?

MamaNgomeni
Wewe una mashua na mimi nina nyavu. Wao wako mbali, bahari hawaioni. Tuanze na nani?