MREJESHO: Kukata wanga na kufunga, uzito unarudi au haurudi?

Wakuu, niliwauliza kama kukata wanga na kufunga masaa 16 kunapunguza uzito jumla, sasa miezi 8 imepita. Wiki mbili za kwanza zilitoka kilo 4 nikatamba balaa, kumbe mengi ni maji tu, glaikojeni (akiba ya sukari ambayo mwili unaiweka pamoja na maji) ikiisha inaondoka na maji yake. Mwezi wa tano nikalegeza, saa ya kufungua nakula kama nimetoka jela, kilo 3 zikarudi na mkanda ukarudi tundu lake la zamani. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, wa 2018, watu 609 mwaka mzima, waliokata wanga na waliokata mafuta walipungua karibu sawa, so wanga siuogopi tena, napunguza sahani tu. Ila usiku bado naliangalia friji kwa jicho baya.