Matunzo ya mtoto yaliyopangwa na tribinali mwaka 2020 hayatoshi tena: je, naweza kuomba yaongezwe?

Mama wa Kampemba (Lubumbashi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo)
Ndugu zangu, naomba mwongozo. Mwaka 2020 tribinali ya amani, yaani mahakama ya ngazi ya chini, ilivunja ndoa yangu, ikaniachia ulezi wa mtoto na kumwamuru baba yake atoe franka 120,000 kila mwezi. Wakati ule dola moja haikufika franka 2,000, naye alikuwa kibarua. Kufikia 2024 dola ilikuwa imepita 2,700, na yeye amepata kazi ya mkataba katika kampuni ya madini huko Kolwezi. Mtoto amemaliza shule ya msingi ya serikali, ambayo haitozi karo tangu 2019, na sasa anaingia sekondari, ambako tunalipa. Nikimpigia simu hujibu kwamba hukumu ni hukumu. Kusema kweli, kile kilichoandikwa hukileta bila kuchelewa. Je, nimefungwa kabisa?

Wakili wa Katuba
Hukufungwa, mama. Rufaa ndiyo iliyokupita, kwa kuwa muda wake ni siku 30 tangu hukumu ikabidhiwe rasmi. Unachohitaji wewe ni marekebisho. Sheria ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, hupima matunzo kwa mahitaji ya anayepewa na uwezo wa anayetoa, na kwa sababu pande zote mbili hubadilika, mmoja wenu akiona hali si ile ya zamani anaweza kurudi mbele ya hakimu.

Usiende kurudia malalamiko ya 2020. Hakimu atataka kujua nini kimebadilika tangu siku ile. Chukua nakala ya hukumu kwa karani, uiambatanishe na risiti za shule pamoja na karatasi za matibabu. Kama huna hati ya mshahara wa baba, taja mwajiri wake na uombe hakimu amwagize baba huyo ailete mwenyewe. Andika kiasi unachotaka na hesabu iliyokufikisha hapo, maana ombi la «aongeze kidogo» humwachia hakimu kazi ya kubahatisha.

Baba wa Ruashi
Mimi ni miongoni mwa wanaolipa. Kabla ya tribinali, iteni wazee wa pande zote mbili, kwani mkataba wa mgodini unaweza kwisha mwaka ujao, na hapo ni yeye atakayeomba apunguziwe.

Wakili wa Katuba
Kikao cha jamaa sikipingi, na mara nyingi hupunguza uchungu. Hata hivyo, mkielewana, pelekeni makubaliano hayo kwa hakimu ayathibitishe, la sivyo siku baba atakapoacha kulipa, karatasi yenye nguvu itabaki ile ya franka 120,000. Na wewe baba, kazi ikikwisha, usijipunguzie mwenyewe. Deni huendelea kuhesabika mpaka hukumu mpya itoke.

Mama wa Kampemba
Risiti za shule ninazo. Za dawa sina, kwa sababu mwuza dawa wa mtaani haandiki. Na pesa ya kumlipa wakili sina.

Wakili wa Katuba
Rudi zahanati alikotibiwa, uombe cheti chenye tarehe na jina la ugonjwa. Kuhusu gharama, chama cha mawakili kina ofisi ya ushauri wa bure, na ukipata hati ya umaskini kutoka ofisi ya mambo ya jamii, unaweza kuomba usamehewe ada za tribinali. Iombe hati hiyo kwanza, kabla ya kuweka ombi lenyewe.